Mcheza kwao hutunzwa: Waimbaji wa Kimaasai wa Kajiado na safari zao za ughaibuni

TANGU miaka ya 1990, vikundi vya waimbaji wa Kimaasai kutoka Kajiado vimekuwa vikivuka bahari kwenda kuimba na kurukaruka mbele ya hadhira ambazo nyingi hazikuwa zimewahi kumsikia Mmaasai akiimba. Huitwa mabalozi wa utamaduni, japo wengi wao hawakutumwa na serikali wala hawakubeba barua ya wizara yoyote. Walichobeba ni shuka, shanga, rungu na sauti zao.

Miongoni mwa vikundi hivyo ni Osiligi, jina ambalo katika lugha ya Kimaa lina maana ya tumaini. Kikundi hicho kimetokana na jamii ya Wamaasai wa eneo la Kisaju, kusini mwa mji wa Kitengela kwenye barabara iendayo Namanga. Kilizuru Uingereza mara kadhaa na kutumbuiza makanisani, shuleni na katika kumbi za miji midogo. Nyimbo zake zilirekodiwa na kuuzwa barani Ulaya na kampuni ya ARC Music, na mapato ya safari zake yalielekezwa katika miradi ya maji na elimu nyumbani.

Habari za vikundi vya aina hii huandikwa mara nyingi kwa furaha na kuishia hapo: vijana wamesafiri, wameshangiliwa, wamerejea. Lakini safari hizo zina maswali mazito nyuma yake. Ni nini hasa kinachosafirishwa? Nani hunufaika? Na je, wimbo utaendelea kuwapo nyumbani wakati ardhi uliyozaliwa juu yake inageuka kuwa viwanja vya nyumba?

Wenyeji wa Kajiado

Wamaasai wa Kajiado hawakuumbwa katika kalibu moja. Wamegawanyika katika koo kubwa zenye maeneo na mila zao ndogondogo. Ilkaputiei ndio wenyeji wa nyanda za Kitengela na Isinya. Ilkeekonyokie wako upande wa Ngong na Bonde la Ufa, Ilodokilani wako karibu na Magadi, Ilmatapato wako kuelekea Namanga, na Ilkisonko wako upande wa Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro. Mjuzi anaposikiliza wimbo huweza kutambua umetoka upande gani kwa lahaja, kwa mwendo wa kiitikio na hata kwa mpangilio wa rangi za shanga za waimbaji.

Kwa hiyo kikundi kinapotangazwa ughaibuni kuwa "sauti ya Wamaasai", tangazo hilo hufunika tofauti nyingi. Anayeimba ni mtu wa mahali fulani na rika fulani, na wimbo wake una kwao.

Wimbo usio na ngoma

Jambo la kwanza linalowashangaza wageni ni kwamba muziki wa Kimaasai hauna ngoma. Wakati jamii nyingi za Afrika Mashariki hujenga wimbo juu ya mdundo wa ngoma, Wamaasai huujenga juu ya koo na pumzi. Ala inayotambulika zaidi ni pembe la tandala, ambalo hupulizwa katika hafla mahususi kama vile kuwaita morani kwenye sherehe zao. Kazi nyingine yote hufanywa na sauti za watu, zikisaidiwa na mlio wa shanga na mapambo ya chuma yanapogongana mabegani.

Wimbo huongozwa na mtu mmoja aitwaye olaranyani. Huyu huchaguliwa kwa sauti yake na kwa ujuzi wake wa maneno. Yeye hutoa mstari wa kwanza, na kundi humjibu kwa kiitikio. Chini ya maneno yake, wenzake huendeleza mivumo mizito ya kooni inayokwenda sambamba na pumzi: mwimbaji anapotoa pumzi kichwa huinamia mbele, na anapovuta pumzi kichwa hurudi nyuma. Mwendo huo wa shingo, ambao mtazamaji wa mbali hudhani ni pambo tu, ni sehemu ya uimbaji wenyewe.

Kuruka nako kuna kanuni zake. Morani huingia katikati ya duara, mmoja au wawili kwa zamu, na kuruka wima bila kuacha visigino viguse chini. Wenzake hupandisha sauti kadiri anavyopanda juu. Kila mmoja huruka kwa muda mfupi kisha humpisha mwingine, kwa kuwa mchezo huu ni wa rika zima.

Wanawake wana hazina yao. Wanazo nyimbo za kubembeleza watoto, za kukamua, za kuomba mvua na uzazi, na za kuwasifu au kuwakejeli morani. Katika safari nyingi za ughaibuni, picha inayotangulizwa ni ya morani mwenye mkuki na shuka nyekundu. Sehemu hii ya wanawake husikika kidogo kuliko inavyostahili.

Kinachobadilika jukwaani

Nyumbani, wimbo una sababu. Huimbwa kwa kuwa vijana wametahiriwa, kwa kuwa rika linahitimu, kwa kuwa kuna harusi au mvua imekawia. Huweza kuendelea kutwa nzima, na hakuna aliye mtazamaji mtupu, kwani hata aliyesimama pembeni huitikia.

Jukwaani mambo hugeuka. Onyesho hupewa muda maalumu, na watazamaji huketi kwa safu wakiwa wamelipa kiingilio. Duara hulazimika kufunguliwa na kuwa nusu duara ili wageni waone. Nyimbo ambazo nyumbani zingetenganishwa na miezi au miaka huimbwa usiku mmoja zikifuatana. Mtu mmoja husimama kati ya wimbo na wimbo kueleza kwa Kiingereza kilichoimbwa, na maelezo hayo hayana budi kuwa mafupi. Kikundi kama Osiligi kiliongeza pia nyimbo za Kikristo katika Kimaa, jambo lililolingana na imani ya waimbaji na vilevile na makanisa yaliyokuwa wenyeji wao.

Kuna wanaosema mabadiliko hayo ni kuuharibu utamaduni. Hoja hiyo husahau kwamba nyimbo za Wamaasai hazikuwahi kusimama mahali pamoja, kwani kila rika hutunga zake na kutaja ng'ombe, safari na watu wa wakati wake. Hatari iko kwingine. Iwapo wimbo utaimbwa jukwaani pekee, hautakuwa na sababu nyingine ya kutungwa ila kumfurahisha mgeni. Hapo olaranyani atajifunza mambo anayoyapenda mtazamaji na kuyasahau yale ambayo mzee wa rika lake angemsahihisha.

Viza, wadhamini na mapato

Safari ya kikundi huanza muda mrefu kabla ya uwanja wa ndege. Kijana aliyezaliwa katika manyatta asiye na cheti cha kuzaliwa hana budi kukitafuta kwanza, kisha kitambulisho, kisha pasipoti. Baada ya hapo huja viza. Tangu Novemba 2008 Uingereza imekuwa na utaratibu unaomtaka msanii wa kigeni anayekwenda kufanya kazi kwa muda awe na mdhamini aliyesajiliwa nchini humo, ambaye humpatia cheti cha udhamini. Kikundi kisicho na mwenyeji anayejua taratibu hizo hakiwezi kufika mbali.

Ndiyo maana ziara nyingi za namna hii hutegemea makanisa, shule na mashirika ya hisani kuliko mawakala wa muziki. Wenyeji huwalaza wageni majumbani mwao, huuza tiketi na huandaa meza ya shanga na vinyago mlangoni. Mapato hugawanywa kati ya gharama, waimbaji na miradi ya nyumbani kama vile kisima, darasa au karo.

Mpango huo umeleta manufaa yanayoonekana. Katika nyanda kavu za Kajiado, mahali ambapo mwanamke huweza kutembea kilomita kadhaa kutafuta maji, kisima si jambo dogo. Lakini una udhaifu wake. Mtazamaji aliyekuja kusikia muziki huweza kuondoka akikumbuka umaskini kuliko ustadi, na mwimbaji akajikuta anashukuriwa kama mhitaji badala ya kulipwa kama bingwa wa kazi yake. Mabalozi huheshimiwa pale wanapopokewa kama watu wenye kitu cha kutoa.

Kivuli cha historia

Swali la heshima lina historia ndefu. Mwaka 1897, katika maonyesho yaliyofanyika Tervuren karibu na Brussels, Wakongo 267 walipelekwa Ubelgiji na kuwekwa katika vijiji vya bandia ili watazamwe na umma. 7 kati yao walifia huko. Maonyesho ya aina hiyo yalifanyika katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, na Mwafrika alioneshwa kana kwamba ni kiumbe wa ajabu.

Kumbukumbu hiyo haijafutika. Mwaka 2005 bustani ya wanyama ya Augsburg nchini Ujerumani iliandaa tamasha lililoitwa kijiji cha Kiafrika, lenye muziki, vyakula na bidhaa za sanaa, nalo likazua lawama kali kutoka kwa waliohoji sababu ya utamaduni wa watu kuoneshwa kando ya vizimba vya wanyama. Mwaka 2007 bustani ya wanyama ya Woodland Park mjini Seattle, Marekani, iliajiri Wamaasai kueleza utamaduni wao kwa wageni katika maonyesho yaliyohusu maisha ya Wamaasai na wanyamapori. Wapo waliosifu hatua hiyo kwa kuwa Wamaasai walijisemea wenyewe, na wapo waliopinga mahali palipochaguliwa.

Visa hivyo vinaonesha kwamba mahali pa kuimbia ni sehemu ya ujumbe. Wimbo uleule huweza kuwa sanaa ndani ya ukumbi na kioja penginepo. Kikundi chenye uwezo wa kuchagua ukumbi, kuandika maelezo yake na kukataa mwaliko usiofaa ndicho chenye haki ya kuitwa balozi.

Nafasi ya serikali

Serikali ya Kenya ilitambua mapema thamani ya ngoma za asili. Bomas of Kenya ilianzishwa mwaka 1971 kwa madhumuni ya kuhifadhi na kukuza utamaduni wa jamii mbalimbali, na wachezaji wake wamewakilisha nchi mara nyingi nje. Sera ya mambo ya nje iliyoandikwa mwaka 2014 iliutaja utamaduni kuwa mojawapo ya nguzo tano za diplomasia ya Kenya, pamoja na uchumi, amani, mazingira na Wakenya waishio ughaibuni.

Mwaka huohuo Kenya ilialikwa kuwa mojawapo ya nchi mbili zilizopewa jukwaa katika tamasha la Smithsonian mjini Washington, nyingine ikiwa China. Tamasha hilo lilifanyika mwishoni mwa Juni na mapema Julai katika uwanja wa National Mall, na sehemu ya Kenya ilipewa jina la Mambo Poa. Mafundi, wanamuziki na wasimulizi walikutana na wageni ana kwa ana.

Kati ya hafla kubwa kama hiyo na ziara ya kanisani kuna pengo pana. Wanaosafiri kwa mwaliko wa serikali hupata usafiri, ulinzi na jina. Wanaosafiri kwa juhudi zao hupata wanachojitafutia, ingawa kazi wanayoifanya ni ileile ya kuitambulisha nchi.

Nani mwenye wimbo?

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na kuliagiza Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa fidia au mirabaha kwa matumizi ya tamaduni zao. Sheria hiyo ilipatikana mwaka 2016. Inalinda maarifa ya jadi pamoja na nyimbo, ngoma na hadithi, inamtaka anayetaka kuzitumia kibiashara apate kwanza idhini ya wenyewe, na inazipa serikali za kaunti jukumu la kuweka sajili ya hazina hizo.

Kwa Wamaasai jambo hili si nadharia. Mnamo 2012 kampuni ya mitindo ya Louis Vuitton ilionesha mavazi yaliyofanana waziwazi na shuka za Kimaasai. Mwaka 2018 kampuni ya Uingereza ya Koy Clothing ilichukua njia nyingine na kukubali kulipa ada kwa Wamaasai kwa mitindo iliyotokana na shuka zao. Ikiwa nguo ina mwenyewe, na wimbo pia una mwenyewe.

Mfano wa namna ya kuulinda wimbo ulitolewa na Wamaasai wa Il Ngwesi, Laikipia. Mwaka 2008, kwa msaada wa Shirika la Hakimiliki Ubunifu Duniani, WIPO, wanajamii wa huko pamoja na mtaalamu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya walipata mafunzo nchini Marekani ya kurekodi na kuhifadhi mila zao. Mwaka uliofuata walikabidhiwa vifaa vya kufanyia kazi hiyo. Kwa kuwa jamii ndiyo iliyorekodi, jamii ndiyo iliyobaki na mamlaka juu ya kanda na picha. Vikundi vingi vya Kajiado, kinyume chake, vilirekodiwa na wengine, na nakala zikabaki mbali.

Ardhi chini ya visigino

Hata hivyo, swali kubwa kuliko yote liko Kitengela kwenyewe. Sheria ya mwaka 1968 iliwapa Wamaasai umiliki wa pamoja wa ardhi kupitia ranchi za vikundi. Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, na kila mwanachama akapata hatimiliki yake. Viwanda vya Athi River vilipopanuka na Nairobi ikafurika, ardhi hiyo iliuzwa vipandevipande. Katika sensa ya mwaka 2009 mji wa Kitengela ulikuwa na wakazi takriban 58,000. Miaka 10 baadaye walikuwa zaidi ya 154,000. Katika kipindi hichohicho idadi ya watu katika Kajiado nzima ilipanda kutoka 687,312 hadi 1,117,840.

Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela kila ekari ili wasiiweke ua wala kuiuza, na malipo yalipangwa yaende sambamba na tarehe za karo. Lengo lilikuwa kuwaachia njia wanyamapori wanaotoka na kuingia katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, lakini mpango huo uliwasaidia pia wafugaji kubaki na malisho.

Ardhi ina uhusiano gani na wimbo? Mwaka 2018 UNESCO iliziweka sherehe tatu za Wamaasai wa Kenya katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Sherehe hizo ni Enkipaata, inayowaandaa wavulana kabla ya tohara, Eunoto, inayowahitimisha morani, na Olng'esherr, inayowaingiza katika uzee. Miongoni mwa sababu zilizotajwa za kufifia kwake ni mabadiliko ya umiliki wa ardhi, kuenea kwa kilimo, na mabadiliko ya tabianchi yanayoangamiza ng'ombe. Sherehe hizi huhitaji uwanda wa kukusanyikia mamia ya vijana na familia zao, ng'ombe wa kuchinja, na muda. Penye ua wa mawe kila nusu ekari, manyatta ya Eunoto haina pa kujengwa. Na ndani ya sherehe hizo ndimo olaranyani hupatikana.

Zipo dalili za matumaini. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, huwapa wanafunzi nafasi ya kuimba nyimbo za jamii zao kila mwaka. Huko Kimana, kusini mwa Kajiado, mashindano ya Olimpiki za Kimaasai yalianza mwaka 2012, yakiwapa morani nafasi ya kushindana kukimbia, kurusha rungu na kuruka, badala ya kujipatia sifa kwa kuua simba. Ruko lililozaliwa katika sherehe limepata kazi mpya bila kuondoka nyumbani.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Waimbaji wa Kajiado wamekuwa wakicheza kwa wengine na kutunzwa huko. Heshima hiyo wanaistahili, na visima walivyochimba ni ushahidi wake. Ila wengi wa walionunua viwanja Kitengela hawajawahi kumsikia olaranyani wa Ilkaputiei, japo wanaishi juu ya ardhi iliyomlea.

Hatua zinazohitajika si za gharama kubwa. Kaunti inaweza kuijaza sajili inayotakiwa na sheria ya 2016 kwa nyimbo na majina ya rika zilizozitunga. Viwanja vya sherehe vinaweza kutengwa kabla havijauzwa. Vikundi vinavyosafiri vinaweza kudai nakala za kila kinachorekodiwa na kurejea nazo. Shule za Kitengela, zenye watoto wa kila kabila, zinaweza kuwaalika wazee wa Kisaju na Isinya kabla mabalozi hao hawajaalikwa tena Uingereza.